Majani ya mbele ya nyumba yanakufa, ning'oe yote nipande upya?

Dada mmoja wa Kigamboni kauliza, nafupisha kidogo. Wamehamia nyumba mpya miaka miwili iliyopita, wakapanda pasipalamu mbele ya nyumba, eneo kama mita 8 kwa 10. Mwaka wa kwanza majani yalikuwa mazuri mpaka wageni wanaomba kupigia picha, mwaka huu yamegeuka njano na kahawia mwishoni, yana mabaka, ndago zimejaa na chini ya mwembe kumebaki udongo mtupu. Anamwagilia kila jioni kwa mpira, maji ya kisima walichochimba wenyewe. Mwezi uliopita akamwaga kilo 3 za mbolea ya yurea ikawa ndo kaharibu kabisa. Gadina anasema hapo hakuna namna, kung'oa yote, kuleta lori la udongo mweusi na kupanda upya. Mume anasema waweke zulia la majani bandia waachane na stress. Anauliza amsikilize nani.

Dada yangu, kwa sasa usimsikilize hata mmoja, na hela usitoe bado. Kama robo tatu ya hayo majani bado yana uhai, yaani ukivuta unakuta mizizi myeupe na kashina kenye kijani kwa ndani hata kama jani limekauka, hayo yanarudi. Shida ya kung'oa sio hela tu, shida ni kwamba chochote kilichoua hayo ya kwanza bado kipo palepale chini, utapanda mapya, yatapendeza miezi nane, mwaka mmoja, halafu tutarudi kwenye swali hilihili. Kwahiyo kitu cha kwanza chukua beleshi.

Chimba shimo dogo sehemu mbili, moja pale majani yanapojitahidi na moja kwenye baka lililokufa, upana wa beleshi na kina cha sentimita 30, ukimaliza unarudishia tu. Angalia unachotoa. Nyumba nyingi mpya za Dar hadithi yake iko hapo: juu kuna kaudongo kekundu sentimita 5 au 7 kametandazwa siku ya kupanda, chini yake kifusi, vipande vya tofali, mchanga uliochanganyika na saruji, maana fundi alikuwa anachanganyia zege hapohapo, na yote hayo yameshindiliwa na malori ya mchanga na kokoto miezi kibao. Mwaka wa kwanza mizizi inakula kale kaudongo ka juu, mbolea ya mwanzo ipo, kila kitu kijani. Mwaka wa pili imefika kwenye kifusi, haina pa kwenda. Hapo ndo majani yanaanza kuchoka na mwenye nyumba anadhani ni njaa, anaongeza mbolea.

Kama hutaki kuchimba kila mahali tumia bisibisi ndefu. Mwagilia jioni, asubuhi yake pita unaichoma ardhini kwa mkono. Ikizama mpaka kwenye mpini hapo ardhi iko sawa, ikigoma kwenye sentimita 4 au 5 hapo pamekaza. Pita eneo lote namna hiyo weka vijiti palipogoma, nakuhakikishia vijiti vingi vitaangukia palepale penye mabaka, hasa upande wa geti na njia ya watu kwenda mlangoni.

Halafu angalia jani lenyewe. Jani changa likiwa njano lakini mishipa yake imebaki kijani, ujue ardhi ina chokaa na saruji nyingi, madini ya chuma yapo lakini mmea hauwezi kuyanyonya. Jani la zamani la chini likiwa njano lote kwa usawa, hiyo ndo njaa ya naitrojeni. Likikauka kuanzia nchani kama limeunguzwa na pasi na udongo ukikauka unaona kaunga keupe juu, hiyo ni chumvi. Kwa maelezo yako, Kigamboni, kisima cha kuchimba, ncha zimekauka (umeandika "zimekuwa kahawia mwishoni"), mi macho yangu yote yako kwenye chumvi, na hicho kifusi kinamalizia.

Sasa maji. Hili nitalizungumza kwa urefu maana ndo mzizi wa fitina.

Tafuta kile kikalamu cha kupima chumvi kwenye maji, wanakiita TDS, wanauza madukani kwenye vifaa vya maji na mitandaoni, sio bei mbaya na wauzaji wengi wa mashine za kuchuja maji wanacho, unaweza ukaazima. Chovya kwenye maji ya kisima chako. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana vipimo vya maji ya kumwagilia, kwa miligramu za chumvi kwenye lita moja: chini ya 450 huna shida, kati ya 450 na 2000 unatakiwa uwe na akili ya jinsi unavyomwagilia, juu ya 2000 hapo ni kwa mimea inayovumilia tu. Na usipime mara moja ukasahau, visima vya pwani vinabadilika, mwisho wa kiangazi maji yakishavutwa sana chumvi inapanda, baada ya masika inashuka.

Ubaya wa kumwagilia kidogokidogo kila jioni ukiwa na maji ya namna hiyo ni huu: maji yanalowesha sentimita 3 za juu, jua la kesho linayakausha, maji yanaondoka chumvi inabaki. Kesho tena, keshokutwa tena. Unajenga tabaka la chumvi palepale mizizi ilipo, na mizizi nayo haina sababu ya kushuka chini maana maji yote yako juu. Halafu ile ya jioni ina lingine, majani yanalala mabichi usiku mzima na joto la Dar hilo, kuvu wanasherehekea. Ukiona mabaka ya duara yanayopanuka taratibu na majani ya pembeni ya duara yana madoa, sababu mara nyingi ni hiyo, na dawa ya kwanza ni kuhamishia umwagiliaji alfajiri, sio kukimbilia dukani.

Unachotakiwa ni kumwagilia kwa kushiba, mara chache. Majani ya nchi za joto yanataka kama milimita 25 za maji kwa wiki kipindi cha kiangazi. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, eneo lako ni mita 80 za mraba, kwahiyo ni lita 2000 kwa wiki, tenki moja la lita 2000 lote. Kwenye udongo wa kichanga usiyamwage yote siku moja, yatapita moja kwa moja chini, gawanya mara mbili au tatu. Kujua mpira wako unatoa kiasi gani weka ndoo ya lita 20, washa saa. Ikijaa kwa dakika moja basi unahitaji dakika 100 kwa wiki, tuseme Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi kama dakika 33 kila siku. Ukiona hiyo ni mingi kuliko ulivyokuwa unatumia usishangae, wengi wanaomwagilia kila siku kwa kusimama na mpira dakika kumi wanaishia kutoa kidogo kuliko wanavyodhani, tena yote yanaishia upande wa bomba. Kama una spirinkla tandaza makopo matano ya tuna matupu sehemu tofauti uone maji yanavyojaa, utakuta moja limejaa na lingine kavu kabisa, hapo umeshajua baka moja limetoka wapi.

Kama kikalamu kimesoma namba kubwa, tuseme 1500, mara moja moja mwagilia zaidi ya kawaida kwa makusudi, karibu mara mbili ya siku zote, ili maji yasukume chumvi ishuke chini ya mizizi. Hii inafanya kazi pale tu ardhi inapopitisha maji, kama chini pamekaza utatengeneza bwawa la chumvi, kwahiyo kutoboa kunatangulia. Na mvua ni dawa ya bure, maji ya bati yakingeni, hata tenki moja la maji ya mvua unalotumia kuoshea hiyo chumvi lina thamani kuliko kiroba cha mbolea.

Hapa inabidi niulize, una uhakika ni pasipalamu? Maana wauzaji wa barabarani jina hilo wanalibandika kwenye majani zaidi ya aina moja. Ile pasipalamu ya pwani yenyewe, Paspalum vaginatum, ni mmea wa fukweni kabisa, inavumilia chumvi kuliko karibu majani yote ya bustani, jani lake jembamba kiasi, linang'aa kidogo, na ikitoa kichwa cha mbegu inatoa matawi mawili kama herufi V. Kama ndo hiyo, una bahati, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoing'oa. Kama ni ukoka wa kawaida nao unavumilia kiasi ila hautaki kivuli hata kidogo. Kama kuna mtu kakuletea kikuyu kutoka Arusha au Lushoto, hiyo imezoea baridi ya milimani, joto la Dar litaendelea kuisumbua hata ufanye nini.

Yurea. Kilo 3 kwenye mita 80 za mraba ni gramu 37 na kitu kwa kila mita. Yurea ni naitrojeni asilimia 46, na majani kwa awamu moja yanahitaji kama gramu 5 za naitrojeni kwa mita, yaani gramu 11 za yurea. Eneo lako lote lilitaka gramu 900 hivi, wewe umeweka zaidi ya mara tatu, juu ya ardhi ambayo tayari ina chumvi, na mbolea ya dukani nayo ni chumvi vilevile. Ndo maana yaliungua. Habari njema ni kwamba kwenye mchanga naitrojeni haikai, mpaka sasa sehemu kubwa imeshaoshwa au imepaa hewani. Kaa miezi miwili bila kugusa mbolea yoyote ya dukani. Baadae, majani yakishaanza kutoa machipukizi mapya, weka nusu dozi, gramu 450 kwa eneo lote, changanya na ndoo ya mchanga mkavu ili ikusaidie kusambaza sawa, rusha nusu ukitembea kwa urefu na nusu ukitembea kwa upana, kisha mwagilia hapohapo kabla jua halijapanda. Ukipata mbolea ya CAN ni nzuri zaidi kwako, haipotei hewani kirahisi, ila kiasi kinakuwa karibu mara mbili kwa uzito maana naitrojeni yake ni asilimia 26 au 27 tu.

Sasa kutoboa ardhi. Kuna mashine za kutoa vijiti vya udongo, wenye viwanja vya gofu wanazo, wewe huhitaji. Mwambie fundi akukatie nondo ya milimita 12 urefu wa mita moja na robo, ncha moja aisage iwe kali, juu achomelee kipande cha kushikia kama T, na sentimita 15 kutoka nchani achomelee kipande kidogo cha kukanyagia mguu. Mwagilia jana yake. Kanyaga, tikisa kidogo mbele nyuma ili tundu lipanuke, chomoa, sogea sentimita 10 mpaka 15, kanyaga tena. Ni kazi ya kuchosha kweli, anza na palipo na vijiti vyako vya bisibisi, pale panapoingia vizuri usipoteze nguvu. Ukigonga tofali ling'oe. Ukigonga bamba la zege, na mara nyingi lipo pale walipokuwa wanachanganyia, hapo hakuna ujanja, palepale tu ndo unabandua majani, unavunja kwa sululu, unatoa, unajaza udongo na kurudishia. Hicho ndo kipande pekee ambacho gadina wako yuko sahihi.

Baada ya kutoboa, samadi. Iliyooza nasema, ile ambayo ukiiminya mkononi haina harufu ya zizi na huwezi kutambua kama ilikuwa kinyesi, nyeusi, inamomonyoka. Samadi mbichi inaleta mbegu za magugu yote ambayo ng'ombe alikula, na ya kuku mbichi nayo inaunguza majani. Chekecha kwenye wavu wa mchanga, changanya sehemu moja ya samadi na mbili za mchanga wa mto, mchanga wa baharini hapana, tandaza unene wa nusu sentimita na fagia kwa fagio gumu mpaka iingie kwenye matundu na ncha za majani zibaki zinaonekana. Mita 80 kwa unene huo ni kama lita 400, ndoo 20 za lita 20. Rudia baada ya miezi sita. Ukifanya hivi miaka miwili unakuwa umejitengenezea udongo wako juu ya kile kifusi, na hutakumbuka tena lile lori la udongo mweusi. Lori hilo lenyewe silipendi, mara nyingi udongo wake umechotwa mabondeni umejaa vitunguu vya ndago, unalipa hela kununua magugu.

Ndago unazo tayari, kwahiyo tuziongelee. Ukivuta jani linakatika, kale kakitunguu kanabaki na vingine vimeunganishwa kama shanga kwenye uzi, na kukata kule kunaviamsha vichipue. Loanisha, ingiza kisu kirefu au kijiko cha bustani kwa pembeni sentimita 15 hadi 20, inua lote na vitunguu vyake, weka kwenye ndoo, usitupe kwenye mboji. Baada ya wiki mbili tatu pita tena wakati machipukizi ni madogo. Kuna dawa inayochagua ndago na kuacha majani, kiambato chake kinaitwa halosulfuroni, ukiipata hakikisha lebo inataja aina ya majani yako na imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Asije mtu kukuuzia glaifoseti akakwambia inaua magugu tu, inaua kila chenye kijani. Lakini kwa kweli adui mkubwa wa ndago ni kivuli, majani yakiwa mazito zenyewe zinapungua.

Na hayawezi kuwa mazito kama gadina anakata kwa fyekeo mpaka anaona udongo. Najua kwanini anafanya hivyo, ili asirudi mapema. Sheria ni kwamba usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, ukitaka yabaki sentimita 4 unakata yakifika 6. Kwa sasa yakiwa dhaifu yaache yawe 5 mpaka 6 kwanza. Kisu cha mashine kinolewe, jani lililochanwa linakauka ncha na linafanana kabisa na la chumvi. Mashine mjazie petroli nje kwenye sakafu, madoa mengi "ya ugonjwa" ninayoitwa kuangalia ni mafuta yaliyomwagika. Vipande vilivyokatwa kama ni vifupi viache hapohapo vioze.

Wadudu fanya jaribio moja uondoe wasiwasi. Shika majani pembezoni mwa baka uvute, yakiinuka kama mkeka bila mizizi, funua uangalie, utakuta funza weupe waliojikunja kama herufi C. Wawili watatu kwenye beleshi zima usijali, ukikuta wamejaa ndo tunaongelea dawa. Viwavi unawatafuta jioni, sabuni ya maji vijiko viwili kwenye lita 5 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi, kama wapo watapanda juu wenyewe. Ukikosa wote usipulizie kitu chochote "kwa kinga".

Chini ya mwembe mi ningekubali yaishe. Pasipalamu na ukoka vinataka jua la moja kwa moja si chini ya saa sita kwa siku, na mwembe unayanyang'anya majani jua, maji na chakula kwa pamoja. Unaweza ukapunguza matawi ya chini mwanga uingie kwa pembeni, halafu ukapanda majani ya Pemba, yale ya jani pana, hayo yanavumilia kivuli na hewa ya pwani, ila yasikatwe mafupi, sentimita 6 kwenda juu. Karibu na shina kabisa usipande kitu, zungushia mawe, mwaga kokoto au majani makavu ya huohuo mwembe, weka benchi. Hapo ndipo mtakaa, hata majani yangekuwepo mngeyakanyaga.

Mabaka yaliyokufa kabisa yapandikize kwa majani yako mwenyewe. Chukua vishina vyenye vifundo vitatu vinne kutoka yanapostawi, fukia vifundo viwili, acha ncha nje, nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Hivi ndo vya kumwagilia kidogo asubuhi na alasiri wiki mbili za mwanzo, baadae unavihamishia kwenye ratiba ya kawaida. Ratiba ya yote haya: sasa hivi kiangazi hiki chimba, pima maji, badilisha umwagiliaji, toboa. Samadi na kupandikiza subiri vuli, Oktoba kuelekea Novemba, mvua ikishalowesha ardhi kweli na sio yale manyunyu ya siku moja. Vuli ikigoma, na huwa inagoma, pandikiza Machi masika yanapoanza. Mpaka Juni hapo pakiwa bado pabaya pima udongo, chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wana maabara na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga pia, waambie unataka pH (uchachu wa udongo), chumvi na sodiamu. Sodiamu ikiwa juu dawa yake ni jasi, lakini usiimwage kwa kubahatisha kabla ya majibu.

Kuhusu shemeji na zulia lake la bandia. Jua la saa saba la Dar linalifanya liwe la moto kiasi cha mtoto kushindwa kukanyaga peku, na kama mna mbwa, mkojo wake haunyonywi popote, utakuwa unaosha kwa sabuni kila wiki. Halafu linataka lilazwe juu ya msingi ulioshindiliwa, yaani ile shida yenu ya ardhi kukaza mnaiongeza kwa makusudi, na siku mkibadili mawazo mnaanzia chini zaidi ya hapa. Lakini kale kanjia kembamba kati ya ukuta na nyumba, kasikopata jua wala hewa, hapo mpe aweke lake.